Skrini Yasema 50, Mota Inatambaa

Kati ya Ruiru na Thika mota hazihesabiki. Ziko kwenye maziwa ya Brookside na vyuma vya Devki upande wa Ruiru. Ziko Thika kwenye mafuta ya kupikia ya Bidco, unga na mchele wa Capwell, vitambaa vya Thika Cloth Mills na mananasi ya Del Monte. Nyingine ziko chini ya ardhi, kwenye visima vya nyumba za kupangisha za Membley na Kimbo. Mgeni akitazama kiwanda huona bomba la moshi na foleni ya malori getini. Fundi wa zamu huangalia kwingine: kabati la chuma lenye kufuli, ambamo waya mwembamba umeunganisha visanduku viwili. Waya huo ukinyamaza, malori hulala getini.

Kisanduku cha kwanza ni kidhibiti, kompyuta sugu ya kiwandani ambayo mafundi wote huiita PLC. Kazi yake ni kusoma vitambuzi, kufuata programu iliyoandikiwa na kutoa amri, makumi ya mara ndani ya sekunde moja, usiku na mchana. Cha pili ni draivu. Wengine huiita inveta. Hii hupokea stima ya volti 415 inayopiga Hz 50, huinyoosha iwe mkondo wa upande mmoja, kisha huikatakata upya iwe na Hz yoyote inayotakiwa. Mota ya kawaida ya nguzo nne, inayozunguka kama mara 1,450 kwa dakika kwenye Hz 50, huzunguka karibu nusu ya hapo ikipewa Hz 25. Hivyo ndivyo mkanda wa kubebea chupa unavyopunguzwa mwendo bila gia, na feni ya boila inavyopumua polepole joto linapotosha.

Kilichozileta draivu kwa wingi huku kwetu ni bili ya stima. Si kwamba umeme ni mgeni hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Nairobi yenyewe iliwashwa taa kwa maji ya mto Ruiru, na katika miaka ya 1920 kikajengwa kituo cha Ndula kwenye mto Thika. Lakini bei ya leo haimsamehei mtu. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa wafanyiwe ukaguzi wa matumizi yao kila baada ya miaka 3, na chama cha wenye viwanda, KAM, kimekuwa na kituo chake cha kuhimiza matumizi bora ya nishati tangu 2006. Mkaguzi akiingia kiwandani, pendekezo moja halikosi kwenye ripoti yake: fungeni draivu kwenye feni na pampu. Hesabu yake ni tamu. Nguvu inayotumiwa na feni hufuata mchemraba wa kasi yake, kwa hiyo ukipunguza kasi hadi asilimia 80, nguvu hushuka hadi kama asilimia 51. Karibu nusu ya stima imeokolewa kwa kupunguza moja ya tano ya mwendo. Niongeze hapa jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka: hesabu hiyo haitimii kwenye pampu ya kisima kirefu, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu yake huenda kwenye kuyainua maji tu. Huko akiba ni ndogo, na mwenye nyumba anayeahidiwa nusu ya bili anadanganywa.

Mwanzoni draivu huwekwa peke yake. Kuna kitufe cha kuzungusha mlangoni mwa paneli, na mwendeshaji huongeza au kupunguza kasi kwa mkono, kwa uzoefu na kwa sikio. Shida huanza mwenye kiwanda anapotaka mota zisikilizane. Chukua kinu cha nyundo cha kusaga mahindi. Mota yake ya kilowati 75 hula kama ampia 130 ikibeba mzigo wake kamili. Juu yake kuna skurubu inayolisha mahindi, inayoendeshwa na mota ndogo yenye draivu yake. Mahindi yakiwa na unyevu kinu hulemewa na ampia hupanda. Skurubu isipopunguza mwendo kinu hukaba, na vijana wa zamu watatumia saa nzima kukitapisha. Yakiwa makavu, ampia hushuka na kinu hufanya kazi chini ya uwezo wake huku stima ikilipiwa. PLC ikiweza kusoma ampia kutoka draivu ya kinu na kuiandikia draivu ya skurubu kasi mpya kila baada ya nusu sekunde, kinu hubaki kwenye mzigo uleule asubuhi hadi jioni. Mwendeshaji wa kinu mwenye uzoefu amekuwa akifanya hivyo miaka yote kwa kusikiliza mlio. Tofauti ni kwamba PLC haisinzii saa tisa za usiku.

PLC na draivu huzungumza kwa namba. Njia inayopatikana zaidi kwenye mitambo ya bei ya kati ni Modbus, ambayo kampuni ya Modicon ya Marekani iliitoa mwaka 1979. Modicon ndiyo iliyotengeneza pia PLC za mwanzo kabisa, chini ya mhandisi Dick Morley, mwishoni mwa miaka ya 1960. Modbus imezeeka lakini haijastaafu, kwa sababu inaeleweka na mtu yeyote mwenye subira. Draivu ina orodha ya visanduku vya namba viitwavyo rejista, kila kimoja na anwani yake. PLC huuliza: kwenye anwani fulani kuna nini? Draivu hujibu. Au PLC huamuru: andika namba hii kwenye anwani hii. Draivu haianzi mazungumzo hata siku moja, husubiri kuulizwa. Nyaya mbili zilizosokotwa hubeba yote hayo, na zinaweza kufika hadi mita 1,200.

Rejista moja hubeba namba kamili, kuanzia 0 hadi 65,535. Haijui nukta. Haijui Hz wala ampia wala asilimia. Ukiandika 500, draivu hupata 500 tupu, na maana yake iko kwenye kitabu cha mtengenezaji. Visa vingi vya mtambo unaokataa kutii amri huanzia hapa.

Draivu za Altivar za Schneider huhesabu kasi kwa sehemu za kumi za Hz, hivyo Hz 50 huandikwa 500. Delta huhesabu kwa sehemu za mia, na Hz hizohizo huandikwa 5,000. Siemens, kwa mtindo wake wa Profidrive, haitaji Hz kabisa: 16,384 ni asilimia mia ya kasi iliyopangwa. ABB kwa mtindo wake asili hutumia 20,000 kwa asilimia mia hiyohiyo. Hakuna aliyekosea kati yao. Kila mmoja alichagua kipimo chake akaendelea na maisha.

Basi draivu huungua, kama kila kitu kinachokaa kwenye vumbi la unga. Tuseme ilikuwa PowerFlex 40, modeli ambayo haitengenezwi tena, na mahali pake imeletwa PowerFlex 525 kama mtengenezaji mwenyewe anavyoshauri. Fundi anaifunga vizuri, nyaya ziko sawa, taa za mawasiliano zinawaka. Programu ya PLC haijaguswa. Mwendeshaji anabonyeza kitufe, skrini inasema 50, na mota inatambaa kama kinyonga. Modeli ya zamani ilisoma 500 kama Hz 50.0, mpya inaisoma kama 5.00. Kila kitu kinafanya kazi kama kilivyoagizwa, na kiwanda kimesimama. Mtu asiyejua ataanza kushuku mota, ataifungua, atabadilisha beringi, ataita mtu wa kuipima nyaya zake za ndani. Dawa yake ni kuzidisha kwa kumi kwenye mstari mmoja wa programu.

Kosa la upande wa pili ndilo la kutisha. Programu iliyoandikiwa draivu ya sehemu za mia ikiunganishwa na ya sehemu za kumi, amri ya 5,000 inakuwa Hz 500. Kinachookoa mota hapo ni kikomo cha juu kilichowekwa ndani ya draivu yenyewe, mradi aliyeifunga alikumbuka kukiweka.

Amri ya kuwasha nayo ina lahaja zake. Kwa Delta, kuandika 18 kwenye rejista ya amri humaanisha zunguka mbele, na 1 humaanisha simama. Altivar hutaka adabu zaidi: kwanza 6, kisha 7, kisha 15, na kila hatua PLC isome hali ya draivu ihakikishe imekubali kabla ya kupanda ngazi inayofuata. Programu inayoruka moja kwa moja hadi 15 hukuta draivu imenuna tu. Siemens hutaka 1,150 kwanza ndipo 1,151. Ukimwona kijana anapekua kurasa za kitabu cha draivu zaidi ya mia tatu badala ya kuandika programu, mwache. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Programu ya kuendesha mota moja ni mistari michache.

Kuna mitego midogo ambayo humla fundi mchana kutwa. Baadhi ya watengenezaji huhesabu rejista kuanzia sifuri, wengine kuanzia moja. Kwenye Delta, rejista ya kasi inayotoka na ile ya ampia zimepakana, kwa hiyo ukikosea kwa anwani moja tu, skrini itaonyesha ampia mahali pa Hz, na kwa bahati mbaya namba zenyewe zinaweza kufanana vya kutosha zisimshtue mtu. Kisha kuna namba hasi. Mkanda ukirudi nyuma kwa Hz 25.00, draivu inayotumia alama ya hasi hutuma -2,500, na PLC isiyoambiwa kwamba rejista hiyo ina hasi itasoma 63,036. Skrini itatangaza Hz 630. Wapo waliokimbilia kuzima stima kwa kuona namba hiyo, ilhali mkanda ulikuwa ukijirudia taratibu.

Mtego mwingine huua draivu kimyakimya. Baadhi ya parameta, kama muda wa kuongeza kasi, huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu isiyofutika stima ikikatika, na kumbukumbu nyingi za aina hiyo huhakikishiwa kuandikwa kama mara 100,000 tu. Mwandishi wa programu asiyejua hili huiambia PLC iandike parameta hiyo kila sekunde, hata kama haijabadilika. Sekunde 100,000 ni saa 28 hivi. Draivu iliyonunuliwa kwa pesa nyingi inaweza kumaliza maisha ya kumbukumbu yake kwa siku moja na ushee, kisha lawama ziangukie stima mbovu. Andika pale tu namba inapobadilika.

Lakini stima mbovu ipo kweli. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru cha KenGen na Kenya nzima ikazima. Tumbili mwenyewe alinusurika, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu unga uliokuwa vinuni. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu nchi yote iliingia gizani tena kwa saa nyingi. Na kati ya matukio hayo makubwa kuna yale ya kila wiki, stima inapopepesa kwa robo sekunde, taa zinafifia na kurudi, na nusu ya draivu zimejizima zikionyesha hitilafu ya volti ndogo.

Swali ambalo kila mwenye kiwanda anapaswa kumuuliza fundi wake ni hili: stima ikirudi, nani anaamka kwanza, na anaamkia kufanya nini? Kama programu ilihifadhi amri ya kuwasha kwenye kumbukumbu, PLC itakapoamka itatuma 18 ileile iliyokuwa ikiituma kabla ya giza, na skurubu itazunguka ilhali kijana ameingiza mkono kutoa mahindi yaliyokwama. Amri ya kuwasha isihifadhiwe. Stima ikirudi, mtambo usubiri binadamu abonyeze kitufe, na king'ora kilie kwanza. Kitufe chekundu cha dharura nacho kisipitie kwenye mazungumzo ya namba hata kidogo. Waya wake uende moja kwa moja kwenye draivu na kukata nguvu, kwa sababu ujumbe unaweza kupotea njiani, na sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 haitakubali kisingizio cha rejista.

Kupotea kwa ujumbe kuna dawa yake, ambayo ajabu mara nyingi haiwashwi. Draivu inaweza kupangiwa muda wa kusubiri: nisipomsikia PLC kwa sekunde mbili, nijizime. Delta itaonyesha CE10, Siemens F01910, PowerFlex F81. Mafundi wengi huchukia herufi hizo, na wapo wanaozima ulinzi huo ili mtambo usisumbue. Kuna draivu ambazo hata hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuendelea bila kujali. Maana yake ni kwamba PLC ikifa, au panya akila waya, mota itaendelea na amri ya mwisho iliyosikia. Kwenye feni ya kupoza si neno. Kwenye pampu inayojaza tangi juu ya paa la ghorofa sita pale Ruiru, ni mafuriko kwenye ngazi saa nane za usiku. Kwenye skurubu ya mahindi ni kinu kilichokaba.

Hitilafu ikitokea kila siku saa zilezile, usiizime; itafute. Mara nyingi utakuta waya wa mawasiliano umelazwa trei moja na kebo ya mota, na draivu hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kelele inayovuka kwa urahisi kwenye waya jirani. Au mtu alibana matumizi akatumia waya wa kengele badala ya kebo iliyosokotwa yenye ngao. Au rizista za ohmu 120 za ncha mbili hazikufungwa. Au fundi aliongeza draivu ya kumi kwenye mstari uliokuwa na tatu, akasahau kuhesabu muda. Kwa kasi ya 9,600, swali moja na jibu lake huchukua kama sehemu 30 za elfu za sekunde. Draivu 10, kila moja ikisomwa na kuandikiwa, ni zaidi ya nusu sekunde kwa mzunguko mmoja. Kwa kisima hilo ni sawa, lakini kwa kinu cha nyundo tonge la mahindi mabichi limeshaingia kabla PLC haijajua. Ndipo watu huhamia njia za kasi zaidi, Profinet au EtherNet/IP, ambazo hubadilishana namba kwa sehemu chache za elfu za sekunde, na ambazo bei yake hujieleza.

Wa kuyaelewa haya hawatoki mbali. Chuo kikuu cha JKUAT kiko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, na kina idara ya mekatroniki. Thika ina taasisi yake ya mafunzo ya kiufundi. Vijana wanaohitimu wanajua biti na rejista. Wanachokosa ni mlango. Mitambo mingi huja na programu iliyofungwa kwa nywila ya mkandarasi, ambaye akiisha kulipwa huondoka nayo. Miaka mitano baadaye draivu inaungua, mkandarasi hapatikani au anataka nauli ya ndege na malazi, na fundi wa kiwanda anasimama mbele ya PLC asiyoweza hata kuisoma. Nadhani hii ndiyo hasara kubwa kuliko bili yoyote ya stima, na haionekani kwenye ripoti ya mkaguzi yeyote. Mkandarasi ana haki ya kulinda kazi yake, lakini kiwanda kilichonunua mtambo kimenunua pia maarifa ya kuuendesha.

Kwa hiyo wewe mwenye kiwanda, uwe wa Garissa Road au wa Ruiru mjini, kabla hujasaini hundi ya mwisho dai faili ya programu ikiwa na maelezo, nywila yake, nakala ya parameta za kila draivu, na karatasi moja inayoonyesha kila rejista inayotumiwa, kipimo chake na muda wa kusubiri. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa paneli, na nakala ikae ofisini. Kisha mwambie mkandarasi azime PLC mbele yako mtambo ukiwa unazunguka, uone mota zinafanya nini. Zisiposimama, salio lisilipwe.